Gesi Zipelekazo Habari Mwilini: Ubishi juu ya Jina, Orodha na Ushahidi

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba mwili hupeleka habari kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya neva, ambazo husafirisha ishara za umeme na kuzikabidhi kwa kemikali mahali seli moja inapokutana na nyingine. Njia ya pili ni ya homoni, ambazo hutolewa na tezi na kuchukuliwa na damu hadi zinapohitajiwa. Aghalabu mjumbe katika njia hizo ni molekuli iliyotengenezwa mapema, ikawekwa akiba, ikafunguliwa wakati wake ulipowadia, kisha ikapokewa na kipokezi kilicho juu ya utando wa seli. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayakukamilika. Wako wajumbe wa namna nyingine, wasiowekwa akiba wala kungojea mlangoni, nao ni gesi.

Gesi zitajwazo zaidi katika habari hii ni tatu: oksidi ya nitriki (NO), kaboni monoksidi (CO) na salfidi ya hidrojeni (H2S). Zote tatu zilijulikana kwanza kuwa sumu. Ya kwanza hutoka katika moshi wa magari na viwanda, ya pili hutoka katika mkaa usiopata hewa ya kutosha, na ya tatu ndiyo yenye uvundo wa yai viza. Kwamba mwili wenyewe huzitengeneza kwa makusudi na kuzitumia ni jambo lililowashangaza wataalamu, na baadhi yao hawajaafikiana hadi leo juu ya nini hasa kimethibitishwa.

Kutoafikiana huko huonekana wazi pale mtu anapotaka kuandika makala ya kamusi elezo juu ya gesi hizi, hasa ile kamusi elezo iandikwayo na watu wengi kwa pamoja, kama Wikipedia iliyoanzishwa mwaka 2001, ambamo mmoja huongeza sentensi na mwingine huifuta. Kabla hajamaliza aya ya kwanza, mwandishi hukutana na maswali. Makala iitweje? Gesi zipi ziingizwe na zipi ziachwe? Nani atajwe kuwa mgunduzi? Jaribio moja lililofanywa kwa panya latosha kuandikiwa kwamba "gesi hii hushusha shinikizo la damu"? Maswali hayo hayajibiki kwa ustadi wa kalamu pekee. Hapana budi kuirudia sayansi yenyewe na historia yake.

Mshipa uliokwanguliwa

Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki, waliokuwa wakifanya kazi katika jiji la New York, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya vipande vya ateri kuu ya sungura. Kwa muda mrefu ilikuwa fumbo kwamba asetilikolini, kemikali inayotanua mishipa ya damu katika mnyama aliye hai, ilikuwa ikivikaza vipande vya mshipa vilivyotolewa mwilini badala ya kuvilegeza. Furchgott alitambua kwamba sababu ilikuwa namna ya kuvitayarisha vipande. Upande wa ndani wa mshipa una tabaka jembamba sana la seli, liitwalo endotheli. Tabaka hilo lilikuwa likikwanguka wakati wa matayarisho bila mtu kujali. Lilipohifadhiwa, mshipa ulilegea, lilipokwanguliwa, ulikaza. Basi asetilikolini haikuwa ikiyalegeza misuli yenyewe. Ilikuwa ikiliamuru tabaka la ndani litoe kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilicholegeza misuli.

Kitu hicho kilikuwa nini? Kilikuwa kikitoweka katika muda wa sekunde chache, kwa hiyo hakikuweza kukusanywa katika chupa na kupimwa kama dawa nyingine. Jibu lilitoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Tangu mwaka 1879, William Murrell wa London alipotangaza matokeo yake, madaktari walikuwa wakiwapa wagonjwa wenye maumivu ya moyo nitrogliserini, yaani dutu ile ile iliyomo katika baruti aina ya dinamiti. Dawa ilifanya kazi, ila hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kwamba nitrogliserini na dawa za jamii yake hutoa oksidi ya nitriki, na kwamba gesi hiyo huamsha kimeng'enya kilichomo ndani ya misuli laini. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba kitu kitolewacho na endotheli ni gesi hiyo hiyo. Mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada, huko Uingereza, lilipima gesi iliyotolewa na seli za endotheli na kuonyesha kwamba kiasi chake kilitosha kueleza ulegevu wa mshipa. Mwaka huo huo Ignarro na wenzake walichapisha matokeo yanayokubaliana na hayo. Mwaka uliofuata kundi la Moncada lilionyesha kwamba gesi hutengenezwa kutokana na arginini, mojawapo ya asidi amino zilizomo katika chakula.

Namna gesi hii ifanyavyo kazi yastahili kufafanuliwa darasani, maana hapa ndipo penye tofauti na homoni. Molekuli ya NO ni ndogo mno, ina atomu mbili tu, wala haina chaji. Hupenya utando wa seli pasipo kubisha hodi. Ikiisha kuingia katika seli ya msuli, hujishikiza kwenye chembe ya chuma iliyomo ndani ya kimeng'enya kiitwacho guanilati siklasi. Kimeng'enya hicho huamka na kutengeneza mjumbe wa pili, na msuli hulegea. Mshipa hupanuka, damu hupita kwa wepesi. Ikiingia katika damu, gesi hukamatwa upesi na himoglobini na kazi yake hukoma. Kwa hiyo huyu ni tarishi wa karibu, apelekaye barua chumba cha pili na kutoweka kabla ya kufika mtaa wa tatu.

Mwalimu na ahadhari na kosa moja ambalo hujirudia katika madaftari. Oksidi ya nitriki si ile gesi ya kuwatia wagonjwa usingizi (N2O), wala si gesi ya rangi ya hudhurungi (NO2) inayoonekana asidi ya nitriki inapokutana na shaba.

Tuzo ya watu watatu

Mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Moncada, mzaliwa wa Honduras, hakuwamo, na wataalamu kadhaa walieleza hadharani kwamba ameonewa. Kanuni ya tuzo hairuhusu watu zaidi ya watatu kuigawana. Lakini kanuni hiyo haimfungi mwandishi wa kamusi elezo. Akiandika "wagunduzi ni watatu," ameifanya kamati ya tuzo kuwa mwamuzi wa historia. Akiandika "wagunduzi ni wanne," atadaiwa ushahidi na atashitakiwa kuwa anashabikia upande. Njia ya haki ni ndefu kidogo: kueleza nani alifanya jaribio gani, mwaka gani, na kumwachia msomaji apime mwenyewe. Ni ajabu jinsi njia hiyo inavyosahaulika mara kwa mara katika vitabu vya shule, ambavyo hupenda kila uvumbuzi uwe na baba mmoja.

Gesi mbili zilizofuata

Habari ya kaboni monoksidi ni ya zamani zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1949 Torgny Sjöstrand wa Sweden alionyesha kwamba mwili wa binadamu hutengeneza gesi hiyo kwa kiasi kidogo. Miaka ya 1968 na 1969 kimeng'enya kinachoitengeneza kilielezwa: huvunja hemu, yaani ile sehemu nyekundu ya himoglobini yenye chuma, na kutoa chuma, rangi ya kijani na CO. Aliyewahi kupata vilio la damu chini ya ngozi ameiona kazi hiyo kwa macho yake, pale alama nyeusi inapogeuka kuwa ya kijani kabla ya kufifia. Kwa miaka mingi CO hiyo ilihesabiwa kuwa takataka tu. Ni mwaka 1993 ndipo kundi la Solomon Snyder wa Baltimore, Marekani, lilipotoa hoja kwamba huenda gesi hii ni mjumbe katika ubongo.

Salfidi ya hidrojeni ilifuata mwaka 1996, Kazuho Abe na Hideo Kimura wa Japani walipoonyesha kwamba ubongo waweza kuitengeneza kutokana na asidi amino yenye salfa, na kwamba hubadili namna seli za neva zinavyoitikiana. Hapo ndipo zilipotimia tatu.

Jina na vigezo vyake

Mwaka 2002 Rui Wang, aliyekuwa akifanya kazi Kanada, aliandika makala akipendekeza gesi hizi zipewe jina moja, gasotransmita, kwa kufuata mfano wa neurotransmita za neva. Hakuishia kwenye jina. Aliweka na vigezo. Gesi isiwe kubwa, bali molekuli ndogo. Iweze kupenya utando wa seli bila msaada. Itengenezwe na mwili wenyewe kwa vimeng'enya, na utengenezaji huo uweze kuongezwa au kupunguzwa. Iwe na kazi maalumu kwa kiasi kile kile kinachopatikana mwilini. Na kazi hiyo iwe na shabaha zinazojulikana katika seli.

Ubora wa vigezo ni kwamba humlazimisha mtu aseme anachomaanisha. Udhaifu wake ni kwamba huchora mpaka, na kila mpaka huwa na wanaolalamika pande zote mbili. Oksijeni, kwa mfano, ni gesi, hupenya utando, na seli huitambua inapopungua. Kazi iliyoeleza utambuzi huo ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Lakini oksijeni haitengenezwi na mwili wa mnyama, basi huachwa nje. Kaboni dioksidi hutengenezwa mwilini kila dakika, na ndiyo hasa iuamuruyo ubongo uharakishe pumzi. Wako wanaoiacha nje kwa hoja kwamba ni zao la kawaida la upumuaji wa seli na si ishara iliyokusudiwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwili haujali kitu kilikusudiwa au hakikukusudiwa, maadamu kinapimwa na kuitikiwa. Amonia nayo imependekezwa kuwa gesi ya nne.

Kasoro kubwa zaidi ya orodha hiyo ni kusahau mimea. Gesi ya kwanza kujulikana kuwa inapeleka habari katika kiumbe hai haikuwa NO. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow wa Urusi alionyesha kwamba ethilini iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikipinda miche ya njegere, na mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba matunda yenyewe huitoa. Hivyo ethilini ilikwisha kutambuliwa kuwa homoni ya mimea miongo mingi kabla mshipa wa sungura haujakwanguliwa. Ina vimeng'enya vyake, ina kipokezi chake chenye shaba, na kazi yake hakuna aipingaye. Katika Afrika ya Mashariki anayevundika ndizi kwa kuzifunika anaifanyia kazi gesi hii. Makala iitwayo "gesi zipelekazo ishara katika viumbe" ikiiacha ethilini, basi jina lake na lipunguzwe liwe "katika wanyama."

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani bila gharama. Zichukuliwe ndizi mbichi za mkungu mmoja, zigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza liachwe wazi. La pili litiwe katika mfuko wa karatasi uliofungwa. La tatu litiwe katika mfuko kama huo pamoja na ndizi moja iliyoiva sana. Rangi iandikwe kila asubuhi kwa siku saba. Wanafunzi waulizwe kwa nini fungu la pili ni la lazima, na kwamba bila hilo mtu angeweza kudai nini.

Je, kweli ni gesi?

Neno "gesi" lenyewe limetiliwa shaka. Ndani ya seli hamna mapovu. NO, CO na H2S zilizomo mwilini zimeyeyuka katika maji kama chumvi au sukari ilivyoyeyuka. Tena H2S ni asidi hafifu: katika damu, yenye pH ya 7.4 hivi, zaidi ya theluthi mbili yake imekwisha kupoteza protoni moja na kuwa ioni HS⁻, ambayo si gesi na haipenyi utando kwa urahisi. Ndiyo maana waandishi wengine hupendelea kusema "molekuli ndogo za ishara," na wengine hushikilia "gesi" kwa sababu ndilo jina lililozoeleka. Kanuni ya kamusi elezo ni kutumia jina litumiwalo zaidi katika maandishi ya kuaminika. Ni kanuni nzuri, ila yahitaji uangalifu hapa, kwa kuwa jina lililobuniwa na mtaalamu mmoja hutumiwa sana na yeye, wanafunzi wake na washirika wake. Kuhesabu makala pekee si sawa na kuhesabu watu walioshawishika.

Tarakimu zilizoporomoka

Ubishi ulio na uzito kupita yote ni ule wa ushahidi, na H2S ndiyo mfano wake. Vipimo vya mwanzo vilisema kwamba ubongo una H2S ipatayo mikromoli 50 hadi 160 kwa lita. Majaribio mengi yalifanywa kwa kutumia viwango hivyo, kwa imani kwamba ndivyo vya asili. Lakini palikuwa na swali ambalo hata mtoto angeweza kuuliza: ikiwa gesi hiyo imejaa kiasi hicho, mbona damu mbichi na nyama iliyochinjwa sasa hivi hazinuki yai viza? Pua ya binadamu huinusa gesi hii hata ikiwa kidogo sana. Mwaka 2008 Furne, Saeed na Levitt walipima upya kwa njia nyingine na kupata nanomoli 15 hivi kwa lita katika ubongo na ini la panya. Mwanafunzi na afanye hesabu: nanomoli 15 dhidi ya mikromoli 50 ni tofauti ya zaidi ya mara 3,000. Sehemu kubwa ya kosa ilitokana na asidi zilizotumiwa katika upimaji, ambazo zilikuwa zikiifungua salfa iliyofungamana na protini na kuihesabu kuwa gesi huru.

Kigezo kile cha Wang, kwamba kazi ionekane kwa kiasi kinachopatikana mwilini, hapo hugeuka upanga. Kitu kinachotokea kwa mikromoli 100 chaweza kuwa kweli kabisa, na bado kisiwe na uhusiano na mwili ulio hai.

Mwaka huo huo wa 2008 kundi moja liliripoti kwamba panya wasio na kimoja cha vimeng'enya vya kutengeneza H2S walipanda shinikizo la damu. Mwaka 2010 kundi jingine, lililowafanya panya wake wakose kimeng'enya hicho hicho, halikuona shinikizo kupanda. Mwandishi aliyesoma makala ya kwanza pekee ataandika kwa uhakika. Aliyezisoma zote mbili ataandika kwa tahadhari, na yamkini ataambiwa kwamba anaipunguzia makala ladha. CO nayo ina matatizo yake. Huamsha guanilati siklasi kwa udhaifu sana ikilinganishwa na NO. Tena tafiti nyingi juu yake zilitumia dawa zenye metali ya rutheni zilizokusudiwa kuitoa gesi ndani ya seli, na baadaye ikaonekana kwamba athari nyingine zilizodaiwa kuwa za CO zilitokana na rutheni yenyewe.

Kwa sababu hiyo kamusi elezo nzuri haziziweki gesi tatu katika safu moja kana kwamba zina hadhi sawa. Juu ya NO ushahidi ni imara, na tangu mwaka 1999 Marekani imeidhinisha ivutwe kwa pumzi, kwa vipimo vya hospitali, na watoto wachanga wenye ugonjwa fulani wa mishipa ya mapafu. Juu ya CO na H2S, kwamba mwili huzitengeneza hakuna shaka. Kinachobishaniwa ni kazi zake na viwango vyake. Wikipedia hutaka habari za tiba zitegemee zaidi makala za mapitio kuliko jaribio moja moja. Hata hivyo, mapitio ya somo changa kama hili aghalabu huandikwa na wale wale waliofanya majaribio, hivyo kanuni hiyo haimwondolei mwandishi kazi ya kufikiri.

Tena kuna neno moja ambalo halina budi kuandikwa katika makala ye yote ya namna hii, tena si chini kabisa. Msomaji akiambiwa kwamba CO ni mjumbe mwilini, asije akadhani haina madhara. Himoglobini huishika CO kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Jiko la mkaa likiachwa linawaka katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi, walalao wanaweza wasiamke, na gesi hiyo haina rangi wala harufu ya kuwaonya. H2S ya mashimo ya maji machafu ni hatari kwa namna nyingine: ikizidi, huiua kwanza nguvu ya kunusa, na mtu aliyeshuka shimoni hudhani kwamba uvundo umepungua.

Kwa kazi ya darasa, mwalimu aweza kuwagawa wanafunzi makundi manne na kuwaamuru waandike kwa pamoja makala moja ya maneno 300 juu ya gesi hizi. Kila kundi liruhusiwe kufuta sentensi ya kundi jingine, kwa sharti kwamba liandike pembeni sababu ya kuifuta. Sababu hizo zisomwe kwa sauti kabla ya makala yenyewe. Likitokea kundi lililoiondoa kaboni dioksidi katika orodha, basi mmoja wao asimame, azibe pumzi kadiri awezavyo, kisha awaeleze wenzake ni kitu gani kilichomlazimisha kuvuta hewa.